Mrejesho: Viazi vitamu vya viungo kwa mlo wa sikukuu

Niliomba ushauri kuhusu viazi vitamu vya viungo vya kusindikiza mlo wa sikukuu, baada ya jaribio langu la kwanza kutoa vipande vilivyolowa maji na vyenye uchungu wa mdalasini ulioungua. Ninawashukuru kwa dhati wote walionijibu, kwani safari hii bakuli lilirudi jikoni tupu.

Kosa langu kubwa lilikuwa kuvichemsha kwanza. Nilikata kilo 1 ya viazi katika vipande vya sentimita 3 hivi, nikavikausha kwa kitambaa, nikavipaka mafuta na chumvi, kisha nikavitandaza kwenye trei bila kuvibananisha, maana vikisongamana hupikwa na mvuke wao wenyewe badala ya kukauka kingo. Katika oveni ya nyuzi joto 200 vilichukua dakika 40, nami nilivigeuza mara moja tu.

Mdalasini nusu kijiko cha chai, iliki, tangawizi ya unga na kungumanga kidogo nilivichanganya katika siagi iliyoyeyushwa pamoja na asali, nikavimwagia viazi zikiwa zimesalia dakika 10, kwa kuwa asali huungua upesi. Kingo zilipata rangi ya kahawia na kunata vidoleni, ilhali ndani vilibaki laini kabisa.

Pendekezo moja sikulifuata, nalo ni la kuongeza sukari: kiazi kitamu kikipata moto, sehemu ya wanga wake hugeuka kuwa sukari, na kilichokosekana hasa kilikuwa matone machache ya ndimu, ambayo niliyakamulia mezani.