Regulata ya kuzamia chini ya barafu: niende na yangu, ninunue, au nikodi hukohuko?

mzamiaji_mikindani
Wakuu, habari za jioni. Jamaa zangu wa Finland wamenialika Februari tukazame ziwani, chini ya barafu. Mimi nimezoea Mikindani na Mnazi Bay, hata kusi likivuma suti nyepesi inatosha. Regulata yangu (kifaa cha kuvutia hewa ya mtungi) ni ya pistoni, chemba yake inaingia maji. Niende nayo, ninunue ya kiwambo, yaani utando badala ya pistoni, iliyozibwa maji yasiingie (nimetajiwa Scubapro MK17 na Apeks XTX50), au nikodi huko?

fundi_shangani
Mkuu, kwanza soma maandishi yaliyochongwa kwenye kichwa cha mtungini, ile sehemu ya regulata inayofungwa kwenye mtungi. Ukiona EN 250 (kiwango cha Ulaya cha regulata) halafu >10°C, usiibebe. Haikupitishwa kwa maji yaliyo chini ya nyuzi 10. Zinazopitishwa kwa baridi hupimwa kwenye maji ya nyuzi 4 au pungufu.

Tatizo si ubaridi wa ziwa peke yake. Hewa iko mtungini kwa bar 200, kichwa kinaishusha hadi bar 10 hivi juu ya presha ya maji yanayokuzunguka. Ikitanuka ghafla namna hiyo inapoa vibaya, na chuma kinashuka chini ya sifuri hata kama maji yenyewe ni nyuzi 2. Kwenye pistoni ya wazi, maji yanaigusa springi. Yakiganda, pistoni inakwama ikiwa wazi, hewa inamwagika mdomoni, na kadiri inavyomwagika ndivyo kichwa kinavyozidi kupoa. Mtungi wa lita 12 una hewa lita 2,400. Ukifunguka hivyo unaisha kwa dakika chache.

mjukuu_wa_newala
Mimi baridi ya Newala tu inanitoa machozi. Nyie endeleeni.

binti_msimbati
Kodi, kaka. Regulata mpya si hela ya mchezo, na kuihudumia ni mpaka uitume Dar au Zanzibar. Wenzako kule vifaa vyao vimeshaandaliwa kwa barafu. Beba miwani yako tu. Au fundi, huwezi kumrekebishia hiyo aliyonayo?

fundi_shangani
Naweza kushusha kidogo presha ya hewa inayoingia kwenye mpira wa kuelekea mdomoni, na kukaza kile kipande cha mdomoni kisifunguke ovyo. Inasaidia, lakini springi bado imo majini.

Ila dada, kununua si hasara kama unavyodhani. Ule muhuri unaozuia maji baridi unazuia pia chumvi na mchanga. Nikifungua pistoni za vijana wanaozama huku, chumvi imeshika springi kama ukoko wa wali chini ya sufuria. Ya kiwambo iliyozibwa, hapo ndani pakavu.

kijana_wa_lindi
Nilisoma Norway na nimezama huko majira ya baridi. Fundi yuko sahihi kuhusu chombo, lakini wengi huigandisha wenyewe kabla hata hawajazama. Usiivutie hewa ukiwa juu kwenye upepo wa baridi. Pumzi yako ina unyevu, unaganda mle ndani. Ivute mara ya kwanza mdomo ukiwa tayari majini. Kile kitufe cha katikati ya kipande cha mdomoni, cha kumwagia hewa, usikibonyeze kabisa. Suti kavu (isiyoingia maji) na jaketi la kuelea vijaze hewa kwa vipande vifupi vifupi, na usijaze huku unavuta pumzi. Kabla ya hapo regulata ilale chumba chenye joto, ikiwa imekauka kabisa.

Na usikubali kuzama na kichwa kimoja. Kule tulifunga viwili kwenye mtungi wenye valvu mbili, mipira ikagawanywa, kimoja kisibebe kila kitu. Kikianza kumwaga unahamia cha pili, unafunga valvu ya kile kibovu, unafuata kamba yako mpaka kwenye tundu la barafu. Zoezi hilo lifanyie hapohapo Mikindani, umevaa glavu nene. Vidole vikiwa na glavu, valvu ya mgongoni inakuwa kazi nyingine kabisa.

mzamiaji_mikindani
Nimeisoma, kweli imeandikwa >10°C. Basi nakodi vichwa vyote viwili huko, na ya kiwambo nitajipanga nayo taratibu kwa ajili ya huku nyumbani. Binti, umeshinda nusu 😀

binti_msimbati
Nusu inatosha. Waambie mapema unakodi seti ya vichwa viwili, wasije wakakupa cha kawaida siku ya kwanza.

fundi_shangani
Na ukija kununua, chukua ya kuskurubu kwenye valvu ya mtungi. Mitungi mingi ya Ulaya ni ya hivyo, na kwa hii yetu ya kubana kuna adapta. Glavu nene unaweza kuazima kwa wavuvi wa feri wanaoshika barafu, zoezi lianze wiki hii.