Mrejesho: Duka la shangazi na malipo ya bitcoin
Ndugu zangu, niliuliza namna ya kulisaidia duka la shangazi hapa Kibera lianze kupokea bitcoin, ile sarafu ya kidijitali, nami nawashukuru nyote mlionijibu. Nilifuata ushauri wa kutumia Lightning, mtandao unaopitisha malipo ya bitcoin papo hapo, kwa kuwa malipo ya kawaida ya bitcoin husubiri bloku (fungu la miamala inayothibitishwa pamoja) ambayo kwa wastani huchukua dakika 10, na hakuna mteja atakayesimama muda huo kwa ajili ya pakiti ya unga. Malipo ya kwanza, ya sukari nusu kilo, yaliingia kabla shangazi hajamaliza kufunga mfuko. Kilichotushinda ni kuweka akiba: msambazaji wa mikate anadai shilingi, kwa hiyo kila jioni tunabadilisha satoshi (vipande vidogo vya bitcoin) zote, na makato yanamega faida. Maneno 12 ya siri ya kurejesha pochi yetu ya bitcoin tuliyaandika kwenye karatasi, kama mlivyosisitiza, ingawa wateja wanaolipa kwa bitcoin bado ni watatu tu.