Tupeane uzoefu: mila yenu ikichezwa na wasioijua

Mtoto wa Kirumba: Wakuu salaam. Jumamosi nilikuwa harusini Pasiansi. MC akatangaza "sasa twende Usukumani!", wakaingia vijana wamevaa magunia, mashavu masizi, majembe ya maboksi, wanakata viuno. Eti bugobogobo! Ile ni ngoma ya kulimia, jembe linapanda na kushuka kwa mdundo mpaka tuta linaisha. Viuno vimetoka wapi? MC naye anaigiza lafudhi, ukumbi hoi kwa kicheko. Babu wa bibi harusi, mtu wa Ngudu, akachukua fimbo yake akaenda kukaa kwenye Noah mpaka keki ikakatwa. Nimeshindwa kulala na hasira. Nani mwingine yamemkuta?

Mama Igoma: Hiyo ya lafudhi. Ofisini kwetu ni kila siku, ukinuna unaambiwa hujui utani.

Sangara Mbichi: Sasa mtani, hamtaki kuchekwa? Nyie mbona mnatucheka Wakerewe?

Mama Igoma: Mtani wangu namjua, na msiba wake nahudhuria. Yule MC ananijua mimi?

Nyanda wa Kisesa: Mmenikumbusha mbali. Nikiwa sekondari, shule moja ya bweni siitaji, mwalimu wa michezo aliyehamia kutoka mkoa mwingine aliona ngoma ya chatu kwenye Bulabo, ile sherehe yetu ya ngoma pale Bujora, akachanganyikiwa. Akataka mahafali yetu iwepo. Wazee wa Bayeye, wale wacheza nyoka wa Kisukuma, wakamwambia tutakuja wenyewe. Yeye akaona gharama, akamshawishi kijana mmoja wa pale jirani amuazime chatu, dume la haja, amelala ndani ya gunia. Sisi ndio wachezaji! Hatujafundishwa kushika nyoka, dawa hatuna, hata nyimbo tumekariri nusu.

Siku ikafika, mgeni rasmi amekaa, wazazi wamejaa. Jamaa yetu mrefu akajitwisha chatu shingoni kama alivyoona watu wanafanya. Wimbo wa kwanza ukapita salama. Wa pili, spika ikapiga kelele ile ya kutoboa masikio, chatu akajikaza. Jamaa akaacha kuimba. Tukadhani ni mbwembwe, tukazidisha ngoma! Mpaka macho yakamtoka ndipo mwalimu akapiga yowe, akawa wa kwanza kuruka dirisha. Meza kuu ikapinduka. Mama mmoja akamwacha mtoto akabeba pochi.

Aliyemwokoa ni mzee mmoja wa Bayeye aliyekuja kumwona mjukuu wake akihitimu, amekaa nyuma kabisa. Alikuja taratibu, akashika mkia, akaanza kumfungua kuanzia huko, anaongea chini chini. Akamrudisha kwenye gunia. Halafu akamuuliza mkuu wa shule: "Huyu kijana mmempeleka kwa nani akafundishwa?" Hakujibiwa. Akaondoka na gunia lake.

Jiwe la Bismarki: Aliyebeba pochi 😂😂😂

Sangara Mbichi: Mgeni rasmi alikimbilia wapi? Usitufiche.

Nyanda wa Kisesa: Jikoni.

Dada wa Bwiru: Mwanamalundi, yule mganga maarufu wa Kisukuma wa zamani, angeona hayo angefufuka. Na yule mtoto alichukuliwa na nani?

Laigwanani Mstaafu: Mimi ni Mmasai, naishi Nyakato. Nilienda kuomba kazi ya ulinzi kwenye hoteli moja nimevaa suruali na shati, nikaambiwa nafasi zimejaa. Kesho yake napita, getini kuna Mjita kavaa shuka na sime. Nilimsalimia Kimaasai akaniambia "karibu boss".

Jiwe la Bismarki: Mbona Louis Vuitton walipitisha mashuka hayo kwenye mavazi yao ya 2012 hamkulia? Mjita wa watu anatafuta ugali.

Laigwanani Mstaafu: Tulilia, wewe ndiye hukusikia.

Mzalendo Halisi: Mnajisumbua. Rais Samia ni wa Zanzibar na ni Chifu Hangaya, kwa jina la Kisukuma. Mila ni za Watanzania wote.

Mtoto wa Kirumba: Mkuu, yule alisimikwa na machifu wenyewe, Septemba 2021, hapo hapo Kisesa. Kupewa na kujichukulia ni kitu kimoja?

Mzalendo Halisi: Machifu gani? Serikali si iliwaondolea madaraka 1963?

Dada wa Bwiru: Madaraka ndiyo. Ngoma waliziacha wapi? Na siasa ina jukwaa lake, tuacheni na chatu wetu.

Mama Igoma: Ushauri wangu: MC akianza kuigiza lafudhi, zima umeme.

Sangara Mbichi: Mcheke naye. Ukinuna ndio anaongeza.

Jiwe la Bismarki: Mkodi awe MC wa msiba wako.

Nyanda wa Kisesa: Kama unataka ngoma nenda Bujora ukaongee na wazee. Wanakuambia ipi ni ya harusi, ipi haitoki nje, na malipo yao. Hawana makuu.

Bwana Harusi Mtarajiwa: Nimesoma yote. Mwenye namba ya kundi halisi aje chemba, harusi ni Agosti, bajeti laki tatu.

Nyanda wa Kisesa: Laki tatu kwa watu ishirini kutoka Kisesa? Nauli na chakula ni juu ya nani?