Hatshepsut wa Misri: jino moja linatosha kusema huyu ndiye?

Madamu wa Tukuyu

Wakuu, habari za jioni. Nafundisha historia kidato cha kwanza huku Tukuyu. Jumanne mvua ilipiga bati mpaka sauti yangu ikawa haisikiki, nikashika chaki nikachora tu: meli, na wanaume waliobeba miti ya manemane, mizizi yake imo kwenye vikapu vilivyoning'inizwa kwenye mti wa kubebea begani. Picha hizo zimechongwa kwenye hekalu la Hatshepsut, mwanamke aliyekuwa farao wa Misri ya kale, pale Deir el-Bahari. Ni safari aliyoituma nchi ya Punti mwaka wa 9 wa utawala wake.

Mvua ilipopungua, binti anayekaa karibu na dirisha akauliza, "Madamu, huyu mama alikufaje?" Kabla sijafungua mdomo, darasa zima likajibu: mtoto wa kambo kamuua!

Nawaelewa. Mume wake Thutmose II alifariki, mrithi Thutmose III, huyo mtoto wa kambo, akiwa bado mdogo, mwanamke akamshikia kiti kisha akajitawaza farao kamili. Akachongwa na ndevu za bandia kama wafalme wote. Alitawala takriban miaka 20, mpaka kama 1458 KK, halafu jina lake likachimbwa kwa patasi kutoka kwenye kuta. Ukisikia hivyo unanusa damu. Lakini kufutwa huko kulianza miaka mingi baada ya kifo chake, Thutmose III akiwa mtu mzima. Mwenye hasira ya kuua hangojei hivyo.

Swali langu ni la mwili. Mwaka 2007 Zahi Hawass, mwanaakiolojia wa Misri, alitangaza kwamba maiti ya mama mnene, iliyokaa muda mrefu sakafuni kwenye kaburi namba KV60 la Bonde la Wafalme, ndiyo Hatshepsut. Ushahidi mkubwa ulikuwa gego lililoonekana kwa kipimo cha CT (eksirei ya kompyuta) ndani ya kisanduku cha mbao chenye jina lake. Jino moja! Naweza kumwambia yule binti "ndiye" kwa jino moja?

Tabibu wa Meno, Mafinga

Mwalimu, pole na mvua. Jino moja linaweza kutosha, na linaweza kudanganya. Gego la juu kwa kawaida lina mizizi mitatu, la chini miwili. Kwenye taya la juu la ile maiti kuna pengo, na ndani yake umebaki mzizi mmoja. Jino la kisandukuni lina mizizi miwili. Hawass anasema wa tatu ndio ule uliobaki kwenye taya. Waliompinga wanasema hilo ni gego la chini, basi haliwezi kuingia pengo la juu. Ndiyo maana mimi ningeandika "huenda".

Ila kuhusu kifo, usilidharau jino. Maiti ile ilikuwa na meno mabovu na jipu la fizi, na wapimaji walitaja pia saratani iliyofika kwenye mifupa ya nyonga, na dalili za kisukari. Nimewahi kumpokea mama wa makamo kutoka kijiji cha ndani, shavu limevimba hadi jicho limefumba. Alikuwa amesukutua maji ya chumvi wiki tatu akingoja hela ya mahindi. Tulipotoboa, usaha ulijaza kikombe cha chuma. Alipona, lakini mwenye kisukari kwenye hali ile usaha unaingia kwenye damu, anaondoka. Hata malkia.

Mnyalu wa Kalenga

Kamwene Mwalimu. Sisi hili si la Misri tu. Mtwa Mkwawa, mtawala wetu Wahehe, alijipiga risasi 1898 ili Wajerumani wasimkamate hai, kichwa kikachukuliwa. Twining, gavana Mwingereza wa Tanganyika, alikwenda Bremen, Ujerumani, akakuta mafuvu mengi, akachagua moja kwa vipimo vya kichwa na tundu la risasi, likarudi Kalenga 1954. Nimesimama mbele ya kile kioo cha makumbusho linamowekwa mara nyingi tangu nikiwa mdogo. Wapo wanaouliza kama ni lenyewe. Babu yangu alikuwa akivua kofia mlangoni, na mimi navua.

Waambie wanafunzi kwamba mwili ukipotea, watu hawalali.

Mkulima wa Parachichi, Njombe

Kuna na habari ya mafuta. Watafiti wa Bonn, Ujerumani, mwaka 2011 walipima mabaki ndani ya chupa yenye jina la Hatshepsut, wakakuta mafuta ya mawese, ya kungumanga, na kemikali ya lami inayosababisha saratani. Wakafikiri alikuwa na ugonjwa wa ngozi, akijipaka dawa iliyomuua taratibu. Kama ni kweli, naona uchungu sana. Alikuwa anatafuta nafuu tu.

Madamu wa Tukuyu

Ndaga fijo nyote. Ijumaa nitawaambia hivi: hakuna aliyeonyesha kwamba aliuawa, mama wa KV60 huenda ni yeye, na aliyelala pale, awe nani, aliumwa sana. Daktari, hiyo mizizi mitatu na miwili nitaichoraje wakaielewa?

Tabibu wa Meno, Mafinga

Usichore. Nina taya la plasta la tangu chuo, la juu na la chini, magego yanachomoka. Alhamisi asubuhi nitalipandisha basi la Mbeya, nikutumie namba ya kondakta.