Antivairasi kuchungulia imeli: niiache, niizime, ama nihamie kwa brauza?

Spea_Nakuru:
Wadau habari za jioni. Niko na duka la spea hapa Nakuru, wateja wangu wengi hutuma oda kwa imeli na mimi natumia Thunderbird, ile programu ya kusomea imeli, kwa kompyuta ya ofisi, akaunti ni ya POP, ile ya kushusha barua kutoka kwa seva ziingie kwa kompyuta. Wiki mbili sasa imeli zinanisumbua, inaanza vizuri 1 ya 37, 2 ya 37, ikifika ya 14 inaganda kama dakika moja na nusu halafu inaniambia muunganisho umekatika, nikijaribu tena inaanza mwanzo na zile za kwanza zinaingia upya. Saa hii oda moja ya brekipedi ninayo mara sita, kidogo tu kijana wa stoo afungashe pedi za matatu sita. Yote yalianza nilipoweka antivairasi ya kulipia. Sasa niiache hivyo nivumilie, nizime ile sehemu ya imeli peke yake, ama niachane na Thunderbird nisomee kwa brauza? Naogopa virusi jamani, hii kompyuta ndio iko na hesabu zote.

fundi_Kakamega:
Hiyo namba 14 lazima iko na kiambatisho kikubwa. Iko hivi mkubwa, antivairasi ikichungulia imeli inasimama katikati, kwa Thunderbird inajifanya seva na kwa seva inajifanya Thunderbird. Inavuta barua yote kwanza, inafungua zipu, inakagua, ndio ikupatie. Wakati huo wote Thunderbird haipati kitu, na yenyewe ikikaa sekunde 100 bila kusikia neno inakata simu. Na kwa POP barua hazifutwi kule kwa seva mpaka programu iage vizuri na amri ya QUIT, sasa ikikatika njiani seva inahesabu kama hakuna chochote ulichukua. Ndio maana unapata oda mara sita. Zima hiyo ya imeli, acha ule ulinzi wa faili uwake.

NyarKisumo:
Mimi siungani na kuzima zima ovyo. Niko na saiba hapa Kondele na watu wanafungua vitu hapa hata shetani angekimbia, juzi mteja amefungua zipu ati ni "invoisi", ndani programu ya .exe. Antivairasi ndio ilituokoa.

fundi_Kakamega:
@NyarKisumo pole dada, lakini hiyo ilishikwa wapi, ikiingia kwa imeli ama alipobonyeza kufungua?

NyarKisumo:
Alipobonyeza. Sawa, nimeona unakoenda 😂

fundi_Kakamega:
Eeh. Kiambatisho kikikaa ndani ya barua kimelala tu, ukikifungua ama ukikisevu ndio kinakuwa faili, na hapo mlinzi wa faili anakidaka. Ile ya imeli ni askari wa pili kwa geti moja, na huyu wa pili ndiye anafungia hata wateja nje.

Ticha_Bungoma:
Kuna ingine mmesahau, vyeti, yaani kile kitambulisho seva inaonyesha kuthibitisha ni yenyewe. Siku hizi seva nyingi zinataka muunganisho uliofichwa kwa msimbo mtu wa katikati asisome, POP kwa poti 995 na IMAP, ile ya kuacha barua kwa seva, kwa 993, sasa antivairasi ili isome lazima ifungue hapo katikati na iweke cheti chake yenyewe. Outlook, programu ya imeli ya Microsoft, inaangalia vyeti vya Windows kwa hivyo mara nyingi inanyamaza, lakini Thunderbird ina orodha yake ya vyeti, ikikutana na cheti isichokijua inakataa. Nilihangaika na pasiwadi siku mbili nzima nikidhani nimesahau, kumbe pasiwadi iko sawa.

Kuhusu brauza, ukiwa na bando na netiwaki imesimama ni sawa, lakini siku netiwaki imeenda hata oda ya jana huwezi soma. Mimi ningebaki na Thunderbird.

Na usiache antivairasi ikague folda ya Thunderbird yenyewe! Kwa kawaida inboksi yote ni faili moja, virusi kikionekana kwa barua moja ya 2019 programu inaweza kubeba faili nzima iweke karantini, yaani iifungie pembeni, uamke asubuhi inboksi ni nyeupe. Weka hiyo folda kwa orodha ya zile zisizoguswa.

NyarKisumo:
Hiyo ya faili moja sikuijua. Naenda kuweka saa hii.

Spea_Nakuru:
Nimerudi. Nilizima ya imeli tu, nikawasha kompyuta upya. Ya 14 ilikuwa katalogi ya shokabsoba, mapicha matupu, na nyuma yake kulikuwa na oda ya mteja wa Naivasha imekaa siku tisa!! Nimempigia kuomba msamaha, ameshanunua kwingine. Halafu nikajaribu ile faili ya EICAR ya kupimia antivairasi, ile ya herufi 68 isiyo na madhara, nikaisevu kwa desktopu, ikadakwa hata kabla nitoe mkono kwa mausi. Kwa hivyo mlinzi yuko macho.

Sasa hizi kopi sita sita nazifutaje bila kufuta oda ya ukweli?

fundi_Kakamega:
Panga kwa kichwa cha barua, zitajipanga pamoja, angalia tarehe na saa, zikifanana kabisa bakisha moja. Ukimaliza bonyeza kubana folda ndio nafasi irudi. Na mwambie kijana wa stoo asiguse pedi mpaka umalize.