Naomba ushauri: nataka kumpeleka mama Malham kiangazi hiki, goti lake litahimili?

Wakuu habari za saa hizi. Mama yupo huku Uingereza kunitembelea, sasa mwezi wa saba nataka nimpeleke Malham kule Yorkshire Dales, tupite msituni hadi maporomoko ya Janet's Foss, halafu Gordale Scar (korongo jembamba la mawe), tumalizie Malham Cove (genge kubwa la mawe). Ni mtu wa kutembea sana ila goti la kulia linamsumbua hasa akishuka mteremko. Picha nimeziona nyingi lakini picha haikwambii ngazi ziko ngapi. Kuna aliyewahi kupita na mtu mzima?

BintiMto: Kipande cha kwanza usihofu kabisa. Kutoka kijijini mpaka Janet's Foss ni kama kilomita mbili na nusu, mnafuata mto, karibu yote tambarare, mwishoni mnaingia kwenye kimsitu chenye kivuli kizuri hata jua liwake vipi. Kuna magogo watu wamegongomelea sarafu mpaka yanaonekana kama yana magamba ya samaki, mama atapenda. Mkifika Gordale, kuta za mawe zinawabana huku na huku, mita kama 100 kwenda juu, tazameni mgeuke. Wanaoendelea wanaparamia jabali kwa mikono pembeni ya maji, kwa goti hilo hapana.

Kozi_07: Naongezea kuhusu Cove. Genge lina mita kama 80 na kufika juu ni ngazi za mawe kama 400. Nilimpeleka shangazi yangu, kupanda alipanda bila shida, kushuka ndo alinishika mkono kila ngazi mpaka chini na kesho yake hakuamka kitandani, roho iliniuma sana. Kule juu nako ni mawe matupu ya chokaa, maji ya mvua yana asidi kidogo yamelila jiwe miaka na miaka yakaacha mipasuko ambayo mguu unaweza kuzama mpaka gotini, ukichungulia ndani unakuta kangaga zimeota. Na limesuguliwa na viatu hadi linang'aa, likilowa linateleza kama sabuni. Bakini chini, njia ni nyepesi na mnaona mto unavyotoka pale pale chini ya mwamba. Bebeni darubini, ndege aina ya kozi wanataga kwenye genge hilo.

mama_wawili: Mtafutie fimbo mbili za kutembelea, kwenye mteremko zinapunguza mzigo wa goti kweli kweli. Avae suruali ndefu, kupe wapo kwenye majani marefu, jioni mkague nyuma ya magoti.

Mleta uzi: Asanteni sana ndugu zangu, mmeniokoa. Basi asubuhi Janet's Foss na Gordale, apumzike, jioni tukae chini ya Cove, mwezi wa saba hata saa tatu usiku bado kuna mwanga. La mwisho, pale msituni kuna pa kukaa au nibebe kigoda?

BintiMto: Beba. Mawe ya kando ya lile dimbwi la chini ya maporomoko yana unyevu hata kiangazi.