WiFi kutoka nyumba kubwa hadi banda la uani: mita 55, na katikati kuna jabali

jiwe_la_ziwa

Habari za jioni wakuu, naomba msaada wa kitaalamu.

Niko Mwanza, mlimani. Nyumba kubwa ina faiba ya Mbps 40. Rauta ni ya Huawei, ile iliyokuja na faiba, anwani yake 192.168.100.1, imefungwa ukutani sebuleni. Banda la uani lina vyumba vitatu vya wapangaji na kimoja cha ofisi. Nimepima kwa futikamba: mita 55 ukuta kwa ukuta. Kwa sababu ya mteremko, banda liko chini kwa mita 6 hivi. Kuta ni za tofali za saruji, paa bati, madirisha yana grili. Katikati kuna mwembe, simtanki la lita 5,000 kwenye mnara wa zege, na jabali ambalo sururu haiingii.

Ripita ya kuchomeka kwenye soketi imeshawekwa huko banda. Simu inaonyesha WiFi imejaa, lakini kasi haifiki hata Mbps 2 na inakatika. Banda lina LUKU yake. Je, nitafute ripita yenye nguvu zaidi, nivute waya, au nifunge zile antena mbili za nje zinazotazamana?

---

Waya8

Karibu mkuu. Tuanze na hiyo ripita, maana watu wengi wanapoteza hela hapo.

Alama ya WiFi kwenye simu inapima nguvu ya mawimbi kati ya simu na ripita tu. Haikwambii ripita yenyewe inaisikiaje rauta ya sebuleni. Ripita inarudia kile inachosikia, na pale banda inasikia mabaki yaliyopita kuta mbili za tofali na tangi la maji. Zaidi ya hapo, ripita ya bei nafuu ina redio moja inayopokea na kutuma kwa zamu kwenye chaneli ileile, kwa hiyo hata ikisikia vizuri, kasi inabaki nusu au pungufu.

Ripita yenye nguvu zaidi haitakuokoa. Mawasiliano ni ya pande mbili. Ukiongeza nguvu upande mmoja, upande wa pili bado unajibu kwa sauti ileile ndogo, na jibu lisipofika data inarudiwa tena na tena. Ndiyo maana unaona mistari imejaa na ukurasa haufunguki.

Adapta za kupitisha intaneti kwenye nyaya za umeme nazo zisahau. LUKU mbili maana yake ni saketi mbili, na mawimbi yale hufifia sana yakifika kwenye mita, au hayavuki kabisa.

Mita 55 ni ndogo kwa waya. Kikomo cha waya wa mtandao ni mita 100. Nunua Cat6 ya nje yenye ganda jeusi linalohimili jua, shaba tupu. Uliza hilo waziwazi dukani, kisha kwangua ncha ya uzi kwa wembe: ukikuta ndani mweupe, hiyo ni alumini iliyopakwa shaba, iache. Inapoteza umeme zaidi, inavunjika kwenye plagi, na kwa umbali huo inaanza kukusumbua. Pima mita 75 ili upate za kupanda ukutani na za akiba kila upande. Ipitishe kwenye paipu ya mm 25, kina cha nusu mita, mbali na kebo ya umeme angalau sentimita 30. Zikilazimika kukutana, zivukane kama msalaba, zisitembee sambamba.

Kupanga rangi kwenye plagi, ncha zote mbili sawa: mweupe-chungwa, chungwa, mweupe-kijani, buluu, mweupe-buluu, kijani, mweupe-kahawia, kahawia. Usizipange "nzuri nzuri" kwa jozi zinazofuatana. Waya mfupi uliopangwa hivyo unaweza kuwaka taa, ila kwenye mita 70 utapata kasi ya ajabu ajabu.

---

Nanga

Naheshimu alichosema Waya8, ila kwa Mwanza mimi sikubali shaba kati ya majengo mawili. Ukanda wa Ziwa Victoria unapigwa radi kuliko sehemu nyingi duniani. Radi haihitaji kupiga nyumba yako. Ikipiga jirani, ardhi ya chini ya nyumba kubwa na ile ya chini ya banda hupata volti tofauti kwa muda mfupi, na kama kuna shaba inayoziunganisha, tofauti hiyo itapita humo. Utaamka asubuhi tundu la mtandao la rauta limekufa, na la huko banda pia. Jabali linaongeza tatizo, kwa sababu ethi kwenye mwamba huwa dhaifu.

Kama unachimba, laza faiba. Ni kioo, haipitishi umeme. Unahitaji kebo ya faiba ya uzi mmoja iliyokwisha fungwa plagi ncha zote mbili, mita 75, na vigeuzi viwili vya faiba kwenda waya wa mtandao. Mambo matatu yanawaangusha watu:

Kwanza, vigeuzi vya uzi mmoja huuzwa kwa jozi. Kimoja kinatuma kwa mwanga wa nanomita 1310 na kupokea 1550, mwenzake kinyume chake. Ukinunua viwili vinavyofanana, taa ya faiba haitawaka kamwe.

Pili, rangi ya plagi. Kebo nyingi za kuingizia faiba majumbani zina plagi ya kijani, ambayo uso wake umekatwa kwa mshazari. Vigeuzi vingi vina tundu la plagi ya buluu, uso bapa. Kijani inaingia kwenye tundu la buluu bila kulalamika, lakini vioo havigusani sawasawa na mwanga mwingi unapotea. Agiza buluu kwa buluu.

Tatu, ile kebo nyeusi bapa ina waya wa chuma pembeni wa kuibebea. Chuma hicho kinapitisha umeme. Kiishie kwenye ndoano nje ya ukuta, ukikate hapo, kisiingie ndani. Ukifanya uzembe hapa, faida yote ya kioo imepotea.

Na usiikunje kwenye kona kali. Kona yoyote iwe na upana usiopungua wa kikombe cha chai.

---

jiwe_la_ziwa

Nawashukuru sana wakuu. Tatizo ni jabali, limekaa karibu upana wote wa kiwanja, na upande uliobaki ni njia ya magari iliyomwagwa zege. Je, nikipitisha faiba hewani?

---

Nanga

Inawezekana, lakini ipite juu ya gari la mzigo, na mwembe usiiguse hata upepo ukivuma. Tawi likisugua ganda mwaka mzima, uzi utakatika na huna mashine ya kuunga. Kwa hali yako ningeanza na antena mbili. Nazo haziunganishi majengo kwa shaba, kwa hiyo hoja yangu ya radi bado imelindwa.

---

mnara_mfupi

Hapo sasa tunaelewana. Nieleze hatua zote, kwa sababu vifaa hivi ni vizuri na vinaharibiwa na mipangilio.

Chukua jozi ya GHz 5, mfano TP-Link CPE510 au Ubiquiti NanoStation Loco M5. Zote zina antena ya dBi 13 (kipimo cha jinsi antena inavyokusanya mawimbi upande mmoja) ndani ya boksi lenyewe. Usichukue za GHz 2.4: anga hiyo imejaa WiFi za majirani, na ndiyo utakayohitaji kwa simu za ndani. Tundu la mtandao la CPE510 ni la Mbps 100, kwa hiyo Mbps 40 zako zitapita zote na nafasi itabaki.

Mahali pa kufunga ni muhimu kuliko chapa. Antena zionane kwa macho, na si mstari mwembamba tu. Kwa mita 55, mawimbi ya GHz 5 hutaka nafasi wazi ya kama sentimita 85 kuzunguka mstari huo pale katikati. Simama penye antena ya kwanza, tazama: tangi lisiwemo, wala jani la mwembe lisiwemo. Maji ni adui mkubwa. Jani lililolowa linazuia zaidi ya jani kavu, kwa hiyo kiungo kilichopita kwenye majani kiangazi kitakusumbua masika. Ikibidi, sogeza antena ya nyumba kubwa hadi kona ya pili ya ukuta. Waya wa ziada wa mita 10 ni nafuu kuliko kukata mwembe kila mwaka. Usiifunge juu kabisa ya paa. Ukutani chini ya upenu inatosha, na si kituo cha kwanza cha radi. Skrubu ya ethi iliyo nyuma ya CPE510 iunge na ethi ya nyumba.

Mteremko wa mita 6 kwa 55 ni kama nyuzi 6 tu. Inamisha ya juu kidogo, ya chini iinue kidogo, basi.

Umeme: kila antena ina kisanduku chake kinachopeleka volti 24 kupitia waya wa mtandao. Kikae ndani, pakavu. Kina matundu mawili: lililoandikwa POE linakwenda kwa antena, lililoandikwa LAN kwa rauta. Ukiyabadilisha unapeleka volti 24 kwenye rauta. Usiazime kisanduku cha kamera za volti 48, kitaiunguza antena. Nje, waya ushuke chini ya kiwango cha tundu kisha upande, ili maji yadondokee kwenye tumbo la waya badala ya kuingia kwenye plagi.

Mipangilio ifanye mezani kabla ya kupanda ngazi, antena zikiwa mita chache na nguvu imeshushwa. CPE510 mpya iko 192.168.0.254, kwa hiyo ipe kompyuta yako 192.168.0.10. Loco M5 iko 192.168.1.20. Ya nyumba kubwa iwe eksesi pointi (inayotoa WiFi), ya banda iwe mteja (inayoipokea), na zote mbili ziwashwe WDS, hali inayopitisha anwani za vifaa kama zilivyo. Hili la WDS watu wanaliruka. Bila hilo, antena ya mteja inabadilisha anwani za vifaa vilivyo nyuma yake, na baadhi ya simu za huko zitakosa anwani bila sababu ya kuonekana. Ulinzi weka WPA2 ya AES. Ukichagua TKIP, ulinzi wa zamani, kasi ya redio inashuka hadi Mbps 54. Upana wa chaneli MHz 40, na kama anga ina kelele, 20. Chagua nchi sahihi, kisha chaneli kati ya 36 na 48 au za kuanzia 149. Za katikati, kuanzia 52, zinatumiwa pia na rada. Kifaa lazima kisikilize angalau dakika moja kabla ya kutangaza, na kikihisi rada kinahama chenyewe, nawe utasema "inakatika".

Baada ya kufunga, soma nguvu ya mawimbi, inayopimwa kwa dBm: namba ikikaribia sifuri, mawimbi ni makali zaidi. Kwa umbali mdogo hivi, nguvu ikiachwa juu kabisa utaona kama dBm -35, na hiyo ni kelele sikioni. Shusha nguvu ya kutuma hadi usome kati ya -45 na -60. Ukisoma -70, antena hazijalengana au kuna kitu njiani. Sogeza moja polepole, subiri sekunde kadhaa, soma tena. Usisogeze zote mbili kwa pamoja.

---

jiwe_la_ziwa

Hii nimeihifadhi, mkuu. Swali la mwisho: pale banda, baada ya antena, naweza kutumia rauta ya zamani ya TP-Link kutoa WiFi ndani?

---

Waya8

Ndiyo, ila iache kuwa rauta. Kabla ya kuunganisha chochote ingia ndani yake:

1. Zima DHCP, ile kazi ya kuvigawia vifaa anwani. Ukiisahau, kutakuwa na wagawaji wawili wa anwani na nusu ya simu zitapata njia isiyokwenda popote, mpaka nyumba kubwa.
2. Ibadilishe anwani iwe 192.168.100.2, antena mbili ziwe .3 na .4. Lakini angalia kwanza kwenye Huawei, kwa sababu DHCP yake mara nyingi huanza kugawa kutoka .2. Isogeze ianze .50, la sivyo iko siku simu ya mtu itapewa anwani ya antena.
3. Waya kutoka kisanduku cha antena uchomeke kwenye tundu la LAN, usichomeke lile la WAN (la kupokelea intaneti). Ukitumia WAN, rauta inautenga mtandao wa banda, na printa ya ofisini haitaonekana kutoka nyumba kubwa.
4. Jina la WiFi na nywila zifanane na za nyumba kubwa ili simu ihame yenyewe. Chaneli ya GHz 2.4 iwe tofauti: moja iwe 1, nyingine 6 au 11.

Na ile ripita iondoe kabisa kwenye soketi. Ikibaki inawaka, simu zitaendelea kuing'ang'ania.

Kwa wapangaji, kama rauta hiyo ina mtandao wa wageni, jaribu kwanza kama unawatenga kweli. Rauta nyingi zikiwa eksesi pointi haziwezi, na mpangaji ataiona printa yako.

---

mnara_mfupi

Nyongeza ya kupima. Kutoka kompyuta ya banda, kwa waya, piga ping (amri ya kupima kifaa kinajibu haraka kiasi gani) kwa 192.168.100.1 mara 100. Majibu yawe chini ya milisekunde 5 na yasipotee hata moja. Kisha iunge kompyuta kwa waya kwenye rauta ya nyumba kubwa, pima kasi pale, halafu pima tena banda. Ukipata Mbps 38 kule na 37 banda, kiungo ni kizima, na siku intaneti ikizorota hutapanda ngazi bure.

Rudia kipimo hicho mvua ikinyesha.